Mbio si ufundi

Kumpima mpiga gita kwa mbio za vidole ni kumpunja. Msikilizeni Mwenda Jean Bosco, mpiga gita wa Kongo, katika "Masanga", wimbo uliorekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey 1952: ni kidole gumba na cha shahada tu, gumba likishika besi huku shahada ikichezesha wimbo juu yake. Papara hamna, na bado wengi hushindwa kumwiga. Hapa kwetu Mombasa, Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu, alikuwa vivyo hivyo kwenye udi: anauacha uzi ulie, anatua, ndipo anaingia kuimba. Wapigaji jazi na wa bluegrass wa Marekani wana kasi ya ajabu, sikatai. Ila vijana wetu wajifunze kutua kwanza. Mbio zitakuja zenyewe.