Maji ghali yaanzie Msimbazi

Katika Mtaa wa Msimbazi, wafanyabiashara kutoka Kongo na Zambia hufunga mizigo ya kila aina. Kwa kampuni ya Kitanzania inayotaka kuuza nje maji ya chupa ya bei ya juu, huenda hapo ndipo pa kuanzia.

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, hivyo nauli ya lori hadi Lusaka yaweza kupita thamani ya maji yenyewe. Wengi hushauri apewe leseni mtengenezaji wa huko. Kwa maji ya kawaida ni sawa. Kwa maji ghali ni hatari, kwani mnunuzi hulipia chemchemi. Coca-Cola iliingiza Dasani Uingereza mwaka 2004. Ilipofahamika kuwa ni maji ya bomba ya Sidcup yaliyosafishwa, ilikejeliwa. Machi mwaka huohuo bromati ikazidi kiwango, na chupa zipatazo 500,000 zikaondolewa sokoni.

Chapa yenye jina la mlima, kama Kilimanjaro ya Bonite Bottlers ya Moshi, ikijazwa ugenini nani ataiamini? Katoni chache ndani ya mzigo wa Kariakoo, zikilenga hoteli, zitapima soko bila gharama ya ghala. Ila mwenye chapa hatajua zitauzwa bei gani, wala nani atakayeziacha juani.