Kibaba Kilichoandikwa Katika Katiba

Ndugu askari na polisi, wengi wetu hudhani kwamba mambo ya bajeti ni ya mawaziri na makarani wa hazina, nasi kazi yetu ni kupokea mshahara, sare na risasi. Dhana hiyo si sahihi, na jimbo la Colorado nchini Marekani laonyesha sababu.

Mwezi Novemba 1992 wapiga kura wa jimbo hilo walipitisha kifungu kipya cha Katiba yao. Kwa mujibu wake, mapato ambayo serikali ya jimbo yaruhusiwa kuyatumia hayawezi kukua kwa mwaka kupita kiwango cha kupanda kwa bei pamoja na ongezeko la watu. Kinachozidi hurudishwa kwa walipa kodi. Tena hapana kodi ipandishwayo pasipo wananchi kupiga kura, na sharti hilo lazihusu pia serikali za miji. Mwaka 2022 mlipa kodi mmoja alirudishiwa dola 750, na mume na mke waliowasilisha hesabu pamoja dola 1,500. Ni hazina ngapi duniani ziitazo raia kuja kuchukua chenji yao?

Mimi naiunga mkono kanuni hiyo. Atumiaye fedha ya umma hana budi kuomba ruhusa. Bali kipimo chenyewe kilikuwa na kasoro kubwa. Kibaba cha mwaka mmoja kilifuata mapato ya mwaka uliotangulia. Mapato yakianguka, nacho kilianguka. Fikirini kikosi kilichopewa nusu posho mwaka wa ukame, kisha mavuno yaliporejea mtunza bohari akaongeza kidogo tu juu ya nusu ile ile. Ndivyo ilivyokuwa baada ya uchumi kudorora mwaka 2001. Ajabu ni kwamba mwaka 2000 wapiga kura hao hao walikuwa wameamuru, kwa Katiba hiyo hiyo, fedha za shule ziongezwe kila mwaka kuliko bei zinavyopanda. Amri mbili zikavutana, na idara nyingine ndizo zilizobanwa katikati. Mwaka 2005 wananchi waliridhia serikali ibaki na ziada kwa miaka mitano, na kiwango kisishuke tena kila mapato yashukapo.

Sasa natuje kwa polisi. Colorado Springs ni mji wa wanajeshi: chuo cha maafisa wa jeshi la anga kiko hapo, na kambi ya Fort Carson iko jirani. Jeshi hulipwa na serikali kuu, hivyo kufuli la jimbo halikuligusa. Lakini polisi wa mji liliwagusa. Novemba 2009 wakazi waliulizwa kama wakubali kodi ya nyumba na ardhi ipandishwe. Wakakataa kwa kura nyingi. Mwanzoni mwa 2010 takriban theluthi moja ya taa za barabarani zilizimwa, helikopta za polisi zikatangazwa kuuzwa, na nafasi kadhaa za polisi na zimamoto zikaachwa bila watu. Mkazi aliyetaka taa ya mtaani kwake iwake aliweza kuilipia mwenyewe.

Askari wa doria katika mtaa wenye giza angeweza kununa na kumwona raia kuwa adui yake. Hana haki hiyo. Raia yule hakuivamia kambi, alipiga kura. Wenye kulaumiwa kwanza ni viongozi wanaomtaka raia atoe fedha bila kumwonyesha zinakwenda wapi, na lawama hiyo haiwaachi makamanda wasiotaka vitabu vyao vya bohari vifunguliwe. Maana watu wa mji ule hawakuwa wachoyo. Mwaka 2015 walielezwa kwamba nyongeza ya kodi ya mauzo itatengeneza barabara tu, tena kwa miaka mitano. Wakaikubali.