Nani Kasema Kimekufa?

Kuna neno moja ambalo natamani lipigwe marufuku kwenye vikao vya kamati za parokia, bodi za shule na popote Watanzania wanapokaa kwenye viti vya plastiki kuamua hatima ya vitu. Neno lenyewe ni "kimekufa". Jenereta limekufa. Mashine ya kuchapia imekufa. Kinanda kimekufa. Likishatamkwa, mjadala umefungwa, na anayeuliza "kimekufa kwa ugonjwa gani?" anaonekana mleta fujo.

Mleta fujo ni mimi. Naomba nisimulie kwanza, halafu tugombane.

Mwaka jana nilikwenda Muleba kuandika habari za bei ya kahawa. Mvua ikanikuta, nikajibanza kwenye stoo ya kanisa moja ambalo silitaji, kwa sababu wahusika ni ndugu zangu na bado nataka kula senene kwao Novemba ikifika. Nyuma ya magunia ya kahawa ya maganda kulikuwa na kitu kizito cha mbao kimefunikwa turubai. Nikafunua. Hammond! Aina ya C-3, iliyotengenezwa Marekani kwa ajili ya makanisa: safu mbili za vibonyezo, pedali 25 chini, na kando yake kabati la spika ya Leslie linalonifika kiunoni.

"Hicho kimekufa zamani, waitu," akasema mtunza stoo. "Anasubiriwa mtu wa chuma chakavu."

Ngoja nieleze kilichokuwa kinasubiri mizani ya chuma chakavu. Laurens Hammond alikuwa mhandisi wa saa za umeme kule Chicago kabla ya kuanza kuuza vinanda mwaka 1935. Ndani ya kinanda chake hakuna mabomba ya upepo wala kompyuta. Kuna magurudumu 91 ya chuma yenye meno, yanazungushwa na mota, kila moja likipita mbele ya sumaku yenye koili. Meno yakipita, umeme mdogo unazaliwa, na huo ndio sauti. Spika ya Leslie nayo ina pembe linalozunguka juu na pipa linalozunguka chini, ndipo sauti inapata ule mtetemo wa mtu anayeimba akikaribia kulia. Juu unaona pembe mbili, lakini moja ni bubu, ipo kwa ajili ya kusawazisha uzito tu. Kila kamati niliyowahi kuhudhuria ina pembe la namna hiyo.

Nikaenda kwa mzee aliyekuwa akikipiga. Nyumba yake imezungukwa na migomba, ana miaka themanini na kitu, nota alifundishwa seminari. "Kamwani waitu," akanipokea, na kabla sijamaliza kunywa chai akanipa habari ambayo kamati nzima haikuwahi kumuuliza.

Kinanda kilikuja kama zawadi kutoka kwa marafiki Marekani, na transfoma yake ya kushusha umeme. Siku ya kwanza alibonyeza C, ikatoka sauti iliyo chini kidogo ya A. Watu wakasema Wazungu wametuletea kibovu. Hakikuwa kibovu. Mota yake inafuata mwendo wa umeme kama saa. Umeme wa Marekani hutetemeka mara 60 kwa sekunde, wa kwetu mara 50. Kagera kwa miaka mingi tumeletewa umeme kutoka Uganda, nako ni 50 vilevile. Transfoma inashusha volti, haigusi idadi ya mitetemo. Kwa hiyo magurudumu yote 91 yalizunguka polepole kuliko yalivyokusudiwa, na kinanda kizima kikashuka zaidi ya nusu toni tatu.

Mzee alifanyaje? Alihamisha vidole. Wimbo wa C aliupiga kwenye E bemoli, kila Jumapili, Krismasi na Pasaka, miaka zaidi ya ishirini. Alikuwa anasahihisha umeme kwa mikono yake, na hakuna aliyejua kuna kazi inafanyika.

Kisha akaambiwa apumzike, akaingia kijana. Hammond ina swichi mbili. Ya kwanza unaishikilia kama sekunde nane mpaka magurudumu yashike kasi, ndipo unawasha ya pili huku bado umeishikilia ile ya kwanza. Kijana hakuambiwa. Akawa anawasha ya pili peke yake, taa inawaka, magurudumu hayazunguki, kimya. "Kimekufa." Tetemeko la Septemba 10, 2016 likapasua ukuta, kikahamishiwa stoo. Panya wa kwenye magunia wakamalizia kwa kutafuna kebo inayopeleka umeme na sauti kwenye Leslie.

Hesabu basi: swichi, kebo, miaka mingi bila oili. Kifo kiko wapi hapo?

Nikamtafuta fundi Bukoba mjini, mtu wa redio na amplifaya. Hakuwahi kuona Hammond, lakini valvu alizijua tangu redio za baba yake. Akataka laki mbili kwa siku nne za kazi, vifaa mbali. Kamati ikashtuka: eti bei ya kuua! Ni kamati hiyohiyo iliyofanya harambee ya milioni tatu na nusu kununua kibodi, ikakatwa utepe, tukapigwa picha. Ile iliyotangulia kununuliwa nayo imo humohumo stoo. Imekufa pia, eti.

Nikalipa mimi. Siku ya kwanza fundi hakugusa waya hata mmoja. Alitia oili nyepesi kwenye vikombe vyake vidogo, ambako nyuzi za pamba huifikisha kwenye kila ekseli, akatuambia tuondoke. Kamati ikaanza kunong'ona kwamba analipwa kukaa. Siku ya pili alijenga upya kebo ya pini sita, akabadilisha kapasita zilizokauka na valvu moja. Siku ya tatu alisafisha kutu, maana unyevu wa ziwa hauna huruma, akakata mkanda wa Leslie kutoka kwenye mpira wa ndani wa tairi la baiskeli. Siku ya nne alikuja na inveta ya sola inayokubali kuchagua 50 au 60. Akachagua 60.

Mzee akaletwa kwa bodaboda. Akashikilia swichi, akahesabu hadi nane kwa sauti, akawasha ya pili, akasubiri valvu zipate moto. Akabonyeza C. Binti wa kwaya akabonyeza C kwenye kibodi. Zikalingana. Kisha mzee akaanza wimbo, kwaya ikadakia, na ghafla masoprano wakagonga dari. Tukacheka sote. Vidole vyake vilikuwa bado vinasahihisha kosa ambalo halipo tena.

"Basi nijifunze upya," akasema. Yeye hakucheka.

Sasa tugombane. Mtaniambia kibodi ni nyepesi, na Hammond yenye karibu kilo 190 haiendi kigangoni kwa pikipiki. Kweli kabisa. Nunueni kibodi. Ninachokataa ni kutoa cheti cha kifo bila kumpima mgonjwa, halafu kuita mazishi hayo maendeleo.

Mtaniambia ni chombo cha wamisionari, urithi wetu ni enanga. Vizuri. Profesa Mugyabuso Mulokozi ameandika kwa kina kuhusu tenzi za mashujaa zinazoimbwa kwa enanga Uhayani, someni. Lakini niambieni, kati yenu mnaoitaja enanga kila tukibishana, nani amewahi kumlipa mpigaji wake nauli na posho? Mkono unaoona laki mbili ya fundi ni nyingi ndio huohuo unaompa mpiga enanga soda na makofi. Na ile akili ya mzee ya kuhamisha nusu toni tatu kwa miaka ishirini haikuja kwenye kasha kutoka Chicago. Ilizaliwa hapa, na hatukuwa na habari nayo.

Sisi waandishi nasi tusijifiche. Tunapenda sana makala za maombolezo: lugha inakufa, ngoma inakufa, maktaba inakufa. Zinasomwa, zinasambazwa. Lakini ripoti ya mtu aliyefungua kitu akakuta waya mmoja umekatika haitupi machozi, kwa hiyo hatuiandiki. Nami nimeandika maombolezo yangu mengi tu.

Ninachodai ni kidogo. Kila chombo cha umma kiwe na daftari lake: nani alikifungua, alikuta nini, alibadilisha nini. Fungu la ukarabati litengwe kabla ya fungu la kukata utepe. Fundi alipwe fedha, baraka ziwe nyongeza. Na anayeachia chombo asiondoke kabla ya kukaa na anayekipokea, hata kwa wiki moja, amuoneshe swichi.

Kinanda hakijapona kabisa. Mwendo wa polepole wa Leslie bado unagoma, na ule mpira wa baiskeli hautadumu. Fundi anataka elfu themanini amalizie. Kamati inakutana mwezi ujao, na nimeoneshwa ajenda. Namba nne imeandikwa: "Ununuzi wa kinanda kipya."

Nitakuwepo. Mzee amesema naye atakuja, nimtumie bodaboda.