Kiungulia si vidonda vya tumbo
Muhula huu wanafunzi wangu watatu wameniomba ruhusa ya kutoka darasani kwa sababu, kwa kauli yao, wana "alsa". Nilipowadadisi, wawili walieleza habari ya moto upandao kifuani baada ya chajio cha chipsi. Hicho ni kiungulia: asidi ya tumbo imerudi juu kwenye umio. Lugha yetu ilikipa jina zamani. Mbona tunakiita kwa jina la maradhi mengine?

Kosa hili si la msamiati tu. Vidonda vya tumbo aghalabu huletwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, ambaye ugunduzi wake uliwapa Barry Marshall na Robin Warren Tuzo ya Nobel mwaka 2005, au na dawa za maumivu kama aspirini na ibuprofeni. Omeprazoli hupunguza asidi, lakini peke yake haimwangamizi bakteria huyo. Hapo huhitajika pia viuavijasumu, baada ya vipimo.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa shule ya upili, alimeza omeprazoli mwaka mzima kwa ushauri wa jirani (majirani zetu wote ni madaktari!) hadi alipopata choo cheusi kama lami. Alikuwa akivuja damu tumboni.

Mwenye kiungulia cha kawaida na ameze omeprazoli yapata nusu saa kabla ya chakula, kwa siku zisizozidi 14 asipoelekezwa vingine na daktari. Anayetapika damu, anayekonda bila sababu au anayekwamwa na chakula kooni aende hospitalini, si dukani.