Gari Likikataa Kuwaka

Usiku mmoja wa masika tuliitwa kumpeleka hospitalini mama aliyeshikwa na uchungu. Gari la kanisa lilikuwepo, mafuta yalikuwemo na dereva alikuwa tayari. Tulipopiga stata, likalia tik-tik-tik, basi. Mmoja akasema stata imekufa, mwingine akasema ni plagi. Tulibishana karibu nusu saa mpaka kijana fundi wa jirani alipofika. Kumbe kichwa cha betri kilikuwa kimelegea na kufunikwa na unga wa kijani. Alisafisha, akakaza, gari likawaka. Mtoto alizaliwa salama, lakini kosa lilikuwa letu: kwa miezi hakuna aliyefungua boneti.

Sisi wauguzi hatutoi dawa kabla ya kumsikiliza mgonjwa. Gari nalo lisikilizwe kabla ya kununua kipuri.

Kwanza, washa taa kubwa kisha piga stata. Taa zikififia na ukasikia tik-tik za haraka, tazama betri na vichwa vyake.

Pili, taa zikibaki kali lakini ukasikia mlio mmoja tu, au kimya kabisa, fundi aangalie stata, nyaya zake na swichi ya ufunguo.

Tatu, injini ikizunguka kwa nguvu bila kushika, usilaumu betri. Huenda mafuta hayafiki, au gari la petroli halipati cheche. Magari ya zamani yenye distribyuta husumbuliwa na unyevu wakati wa mvua. Zima kabisa, kisha ukaushe nyaya za plagi kwa kitambaa. Usizishike swichi ikiwa imewashwa, kwani umeme wake hupita volti 10,000. Fundi akifungua plagi, omba uione: kahawia hafifu ni dalili njema, masizi makavu meusi huonyesha petroli inazidi, ikilowa oili, injini ina tatizo. Gari la dizeli halitumii plagi za cheche.

Usipige stata zaidi ya sekunde 10 mfululizo. Pumzisha kidogo, la sivyo utamaliza betri na kuunguza stata.

Kinga ni bora kuliko tiba. Kila mwezi kagua vichwa vya betri. Ukivisafisha, anza kufungua waya wa hasi na uurudishe wa mwisho. Kisha paka grisi kidogo. Usiwashe kiberiti hapo, kwani gesi ya betri hulipuka. Betri nzima iliyopumzika huonyesha volti 12.6 hivi. Badilisha plagi kwa wakati ulioandikwa katika kitabu cha gari. Na jamani akina mama, tusitundike funguo za nyumba nzima kwenye ufunguo wa gari. Uzito huo huchakaza swichi.

Siku hizi kila Jumamosi jioni mmoja wetu hufungua boneti. Ni dakika tano tu, na mama mwenye uchungu hangoji.