Farasi Wawili na Wenye Malisho

Tangu Rais William Ruto alipozindua, mwezi Novemba 2025, ujenzi wa barabara pana ya kutoka Rironi hadi Mau Summit, hapana baraza katika mji wetu wa Nakuru lisilozusha shauri la Mchina na Mmarekani, yupi afuatwe na yupi akabiliwe. Kazi hiyo, ambayo Wafaransa walikuwa wamekwisha kuahidiwa kwa mkataba wa mwaka 2020, sasa imo mikononi mwa makampuni ya China, mojawapo likishirikiana na NSSF, yaani akiba ya uzeeni ya wafanyakazi wetu wenyewe. Ilhali huko Washington, ambako mwezi Juni 2024 tulitunukiwa hadhi ya mshirika mkuu wa Marekani aliye nje ya NATO, Seneta Jim Risch ametaka hadhi hiyo idurusiwe upya, kwa kuudhika na maneno ya urafiki aliyoyasema Rais wetu alipozuru Beijing mwezi Aprili 2025. Wazee wenye hadhari husema mpanda farasi wawili hupasuka msamba. Naam, hupasuka, lakini sisi wa Bonde la Ufa tangu lini tukawa wapanda farasi? Sisi ndio wenye malisho.

Wala shauri lenyewe si geni hapa. Reli ya Mwingereza iliposhuka ukingo wa Bonde la Ufa na kufika Nakuru mwaka 1900, wenyeji walikwisha kugawanyika njia mbili. Olonana, laibon, yaani kiongozi wa kiroho, wa Wamasai, ambaye watu wake walikuwa wamedhoofishwa na ndui, na sotoka iliyowamaliza ng'ombe, na vita vya wao kwa wao, aliona heri suluhu. Na mwezi Agosti 1904 yeye na wenzake wakatia alama zao katika mkataba uliowatoa katika malisho ya Naivasha na Nakuru, wakaachiwa Laikipia na nchi ya kusini, kwa ahadi ya kwamba mapatano yale yatadumu maadamu Wamasai wapo duniani. Kudumu huko kulikuwa miaka 7: mwaka 1911 wakatakiwa waiache na Laikipia. Walipokwenda mahakamani, kesi yao ilitupwa mwaka 1913, si kwa kuwa hawakudhulumiwa, bali kwa hoja kwamba mkataba ni jambo la dola na dola, nalo halihukumiwi na mahakama ile. Basi walipotakiwa kuhama walikuwa raia wa kuamrishwa, na walipodai haki yao wakageuzwa taifa la kigeni!

Upande wa magharibi, Wanandi chini ya orkoiyot wao, yaani kiongozi wao wa kiroho, Koitalel arap Samoei, waliishika njia ya pili, wakaisumbua serikali na reli yake kwa takriban miaka 10, hata tarehe 19 Oktoba 1905 Koitalel akaitwa kwenye mazungumzo ya amani na afisa wa Kiingereza, Richard Meinertzhagen, akauawa palepale. Aliyepatana alipoteza malisho; aliyepigana alipoteza malisho na uhai. Nami, kwa insafu, siwezi kumlaumu mmoja kwa ajili ya mwenziwe, kwa sababu hapana katika wawili hao aliyeshika kitu ambacho Mwingereza hakuweza kukitwaa bila ya idhini.

Kitu cha namna hiyo sisi tunacho, nacho kiko juu ya paa zetu. Huko Menengai, kwenye kreta ya volkano iliyo juu ya mji, shirika la serikali la GDC lilitangulia kuchimba visima vya mvuke wa ardhini, kisha ndipo likaafikiana kuwauzia mvuke wazalishaji watatu, kila mmoja na mtambo wake wa megawati 35. Sosian, iliyojengewa mtambo na Wachina wa Kaishan, ilianza kutoa umeme mwaka 2023; Globeleq, yenye fedha za Uingereza na Norway, iliwapa kazi Wajapani wa Toyota Tsusho; na mradi wa tatu uko chini ya Kaishan hao hao. Umeme ulichelewa miaka mingi, sikatai. Lakini tazama: madola yanayotazamana kwa jicho la husuda katika bahari za mbali yamekaa ndani ya kreta moja, kila moja kwa mapatano ya kununua mvuke kwa kipimo, na kisima si chake.

Reli mpya ya kutoka Mombasa haikuwa hivyo. Ilifunguliwa hadi Naivasha mwaka 2019, kwa gharama ya takriban shilingi bilioni 150 za mkopo wa China, ikakomea nyikani pande za Suswa. Na ile mikataba ya mikopo ya reli tangu Mombasa ilifichwa, hata sehemu yake ikatolewa hadharani mwaka 2022, deni likiwa limekwisha kuanza kulipwa. Haikuwa hila ya Mchina peke yake. Aliyetia sahihi na kuifungia mikataba kabatini alikuwa mmoja wetu, na hata tungalikopa kwa Mmarekani, kabati ni lile lile.

Sasa imekuja barabara. Kwa ushuru uliotangazwa wa shilingi 8 kwa kilomita, mwenye gari dogo atakayezimaliza kilomita 175 atalipa shilingi 1,400 kwenda, na nyingine kurudi; na lori la viazi kutoka Molo litakuwa na hesabu yake. Kabla halijasimama banda la kwanza la ushuru, mkataba huo uletwe Nakuru, kurasa zake zote, kwa Kiswahili, uwekwe mezani katika maktaba ya umma, na dereva wa lori wa Salgaa, iliyo kando ya barabara hiyo, apewe kiti.