Ndugu Vllasi na Hukumu ya Uwanjani

Katika Chama chochote kinachotawala, kazi ngumu kupita zote ni ya kiongozi wa jimbo. Wakubwa wake hukaa makao makuu na kumdai utii. Wananchi huishi naye mlango kwa mlango na kumdai haki. Mambo yakichafuka, yeye ndiye wa kwanza kubanwa. Hayo ndiyo yaliyomfika Ndugu Azem Vllasi wa Kosovo, katika iliyokuwa Yugoslavia.

Ndugu Vllasi, Mwalbania aliyezaliwa mwaka 1948, hakuwa mpinzani hata kidogo. Alilelewa na Chama. Katika miaka ya 1970 aliongoza Umoja wa Vijana wa Yugoslavia nzima, wakati wa uhai wa Rais Tito, ambaye wasomaji wetu wenye umri mkubwa watakumbuka kwamba aliizuru Tanzania mwaka 1970. Waalbania walipoandamana mjini Prishtina mwaka 1981, alisimama upande wa Chama na kuyalaani maandamano hayo, na wako waliokataa kumsamehe. Mwaka 1986 alikabidhiwa uongozi wa Chama wa jimbo lote.

Katiba ya mwaka 1974 ililipa jimbo hilo madaraka ya kujiendesha ndani ya Serbia. Madaraka hayo ndiyo aliyokusudia kuyafyeka Slobodan Milosevic, aliyekuwa akipanda ngazi huko Belgrade kwa kuyachochea manung'uniko ya Waserbia. Hatusemi kwamba manung'uniko hayo yote yalikuwa ya uongo. Waserbia wa Kosovo walikuwa wachache, na wengi wao walikuwa na hofu ya kweli. Lakini kuitatua hofu ya wanyonge ni jambo moja, na kuifanya ngazi ya kupandia ni jambo jingine kabisa.

Novemba 1988, Ndugu Vllasi na mwenzake, Ndugu Kaqusha Jashari, waliondolewa katika uongozi. Wachimba migodi wa Trepça wakatembea kwa miguu katika baridi kali hadi Prishtina, wamebeba picha za Tito. Februari 1989, zaidi ya elfu moja kati yao walijifungia chini ya ardhi na kugoma kula. Walichotaka ni katiba iheshimiwe. Wafanyakazi wa namna hiyo, ambao Chama husema ndio wenye Chama, wakaitwa wapinga mapinduzi!

Tarehe 28 Februari umati mkubwa ulikusanyika Belgrade, ukipiga kelele kwamba Vllasi akamatwe. Milosevic akauahidi umati huo kwamba wahusika watakamatwa, na muda mfupi baadaye Ndugu Vllasi akatiwa ndani. Hapa ndipo penye lawama yetu. Chama kina vikao, na kiongozi aliyekosa huitwa kikaoni, husomewa makosa yake na husikilizwa. Kilichofanyika Belgrade ni kumhukumu mtu uwanjani kwanza, kisha kumtafutia shtaka. Tarehe 23 Machi Bunge la Kosovo, jengo lake likiwa limezungukwa na vikosi vya ulinzi, likapitisha mabadiliko ya kulipunguzia jimbo madaraka.

Kesi ya Ndugu Vllasi ilianza Oktoba 1989, na Aprili 1990 akaachiwa huru. Miezi mitatu kabla ya hapo, wajumbe wa Slovenia walikuwa wametoka nje ya Mkutano Mkuu wa Chama mjini Belgrade, na mkutano huo ukavunjika. Chama kilichomfukuza kilikuwa kimeanza kusambaratika.